Cheche Iliyopotea: Jinsi ya Kuitafuta Katika Motokaa ya Zamani



Motokaa ya shule yetu ni ya petroli, ina silinda nne, nayo ni kuukuu kuliko walimu wetu wengi. Usiku mmoja wa muhula uliopita ilikuwa ikimpeleka hospitali mtoto wa mwaka wa kwanza aliyeshikwa na malaria kali. Tulipofika tambarare injini ikazima ghafula, kama taa iliyopulizwa, wala haikuwaka tena. Tukambeba mgongoni kwa zamu hadi alfajiri, ndipo lori la ndizi likatuchukua. Alipona, lakini daktari alituambia wazi kwamba saa zile zingaliweza kumwua.

Kosa lilikuwa letu sisi wa chama cha ufundi. Mara tatu kabla ya usiku ule injini ilizima vivyo hivyo, kisha ikapumzika kidogo na kuwaka. Tulidhani ni joto. Tukanunua plagi mpya, kisha koili mpya, hata fedha za chama zikaisha, na hatukupima kitu hata mara moja. Basi naandika somo hili ili mwingine asifanye kama sisi.

Kwanza yafaa kujua njia ya umeme. Umeme wa volti 12 hutoka katika betri, hupita swichi ya ufunguo, huingia katika koili, kisha hufika kwenye pointi zilizo ndani ya distribyuta. Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma, hugusana na kuachana. Zikigusana, umeme hupita na kurudi betri kwa njia ya bodi ya motokaa. Zikiachana, umeme hukatika mara moja, na kule kukatika ndiko kunakoifanya koili itoe umeme mkali wa maelfu ya volti. Huo huenda kwenye rota, na rota huugawa kwa kila plagi kwa zamu. Kondensa, kile kikopo kidogo kando ya pointi, huzuia pointi zisiungue.

Fanya hesabu: injini ya silinda nne hutaka cheche mbili kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni cheche 6,000, yaani 100 kwa sekunde. Kwa hiyo waya mmoja ukilegea kidogo tu, injini hufa.

Sasa kipimo. Chukua taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja ufunge kwenye chuma kitupu cha injini, wa pili kwenye skrubu ya koili iliyo upande wa distribyuta. Washa swichi, na mwenzako aizungushe injini polepole. Mambo matatu yaweza kutokea:

1. Taa yawaka na kuzima kwa zamu. Njia hii ni nzima. Tafuta ubaya mbele: kifuniko cha distribyuta, rota, waya nene au plagi.

2. Taa haiwaki kabisa. Ondoa waya unaotoka koili kwenda distribyuta, upime tena. Ikiwaka sasa, umeme ulikuwa ukivuja: pointi haziachani, au kondensa imekufa, au waya umechubuka na kugusa bodi. Isipowaka, rudi nyuma upime koili, swichi na betri.

3. Taa yawaka daima, haizimi. Umeme haupiti kwenye pointi: ni chafu, au hazigusani, au waya umekatika ndani ya distribyuta.

Kwetu ilikuwa ya tatu. Tukafungua kifuniko, pointi zilikuwa safi, na nafasi yake zikiachana ilikuwa karibu milimita 0.4, kama itakiwavyo kwa Land Rover na Volkswagen nyingi za zamani. Mzee dereva wetu akasema, "Mwanangu, usiangalie tu, gusa." Nikausukuma kwa kidole ule waya mwembamba unaoingia kwenye pointi. Taa ikazima, kisha ikawaka. Nje waya ulikuwa mzuri, lakini ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika.

Kwa nini? Bamba linaloshika pointi huvutwa na hewa ya injini ili kuwahisha cheche, na waya ule hujikunja kila mara. Tulipokwenda tambarare bamba lilivutwa, nyuzi zikaachana. Tuliposimama likarudi, nyuzi zikagusana tena. Wala si joto. Waya mpya ulitugharimu pungufu ya bei ya plagi moja.

Maonyo machache. Usishike waya nene kwa mkono injini ikizunguka. Usiache swichi imewashwa muda mrefu injini ikiwa imesimama, maana koili hupata moto. Petroli iliyomwagika ifute kwanza, kwa kuwa cheche haichagui pa kuwasha.

Taa yetu sasa yakaa ndani ya motokaa, chini ya kiti cha dereva. Ndugu zangu, kununua si kutengeneza. Pima kwanza, kwa maana hujui ni nani atakayelala kiti cha nyuma usiku wa kesho.