Dar es Salaam moja, halmashauri tano

Swali: Naishi Ubungo, duka langu lipo Kariakoo. Kwa nini mji mmoja una halmashauri tano? Zikiunganishwa, si gharama zitapungua?

Jibu: Ndugu msomaji, gharama ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Toronto iliunganisha manispaa zake sita mwaka 1998 kwa ahadi hiyohiyo. Mishahara ikapandishwa ilingane na ya waliolipwa vizuri zaidi, na sehemu kubwa ya akiba iliyotarajiwa ikayeyuka.

Hoja nzito ya kuunganisha ni Mto Msimbazi. Taka zikitupwa na nyumba zikijengwa bondeni huko juu, upande wa Ubungo, mafuriko hupiga Jangwani, iliyo chini ya halmashauri nyingine. Mapato nayo yameenda upogo: leseni na ushuru wa huduma unalipa Ilala (iliko Kariakoo, na ambayo sasa ndiyo Jiji la Dar es Salaam), ilhali zahanati na shule ya wanao ziko Ubungo.

Halmashauri ya Jiji ya zamani, iliyokaa juu ya manispaa zote, ilivunjwa Februari 2021. Meno haikuwa nayo, nakiri. Lakini huduma zinazovuka mipaka kama maji, barabara na mabasi yaendayo haraka sasa zimo mikononi mwa DAWASA, TARURA na DART, vyombo vya Serikali Kuu. Muunganisho upo tayari, ila hauongozwi na madiwani.

Mimi nisingefuta manispaa. Ningeunda baraza la mji mzima lenye kazi tatu tu: mito na mitaro, taka, na kugawana sehemu ya ushuru wa huduma. Ilala itapinga hilo la tatu kwa nguvu zote.