Maji ya rangi ya chai na plastiki usiyoiona

Vijana wengi mnaolima tikiti na nyanya kwa plastiki ya kutandaza mnaniambia maji ya bwawa yakitulia siku mbili, uchafu wote umekaa chini. Mchanga, sawa. Plastiki chakavu ni habari nyingine.

Jua huikausha, jembe huipasua, mvua inasomba hadi bwawani. Vipande visivyozidi milimita 5 huitwa plastiki ndogo, na vingine huwezi kuviona kwa macho. Sasa angalia rangi ya maji. Yakiwa kama chai ya rangi, humo kuna mabaki ya majani na samadi yaliyooza yakayeyuka. Hayo huvivika vile vipande utando mwembamba wenye chaji hasi. Hasi kwa hasi husukumana, basi vipande havishikani wala kugandana na tope, vinaelea tu mpaka kwenye mipira ya matone. Maji magumu yana nafuu kidogo: kalsiamu yake huunganisha utando huu na ule, vikashikana na tope na kuzama.

Shabu inasaidia, ila mabaki yale huila kwanza, ndiyo maana kipimo cha jirani hakikufai. Chota ndoo tatu kutoka bwawa lako, weka vipimo tofauti, koroga, linganisha. (Ndoo kung'aa haimaanishi plastiki yote imeisha, jamani.)

Rundo la samadi lisikae juu ya bwawa. Na ile plastiki itoe msimu ukiisha, ingali inavutika bila kukatika. Usiichome.