Mbwa wa Ploti ni wa Nani?

Ukitoka kwetu Kawangware ukavuka kuelekea Lavington, utaanza kuyaona malango makubwa yenye maandishi mekundu: MBWA KALI. Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kutuuliza kosa liko wapi, nasi hujibu kwa sauti moja, "Mbwa mkali, mwalimu!" Mbwa yumo katika ngeli ya A-WA, kwa hivyo sharti apewe kiambishi chake. Lakini ukweli usemwe. Nikifika nyumbani hata mimi nasema, "Hii umbwa imekula mandazi yangu." Mtaani tumemtoa mbwa katika ngeli yake tukamtia pamoja na nyumba na sahani. Mtu akikosewa heshima anaitwa mbwa, na akifa vibaya twasema amekufa kifo cha mbwa. Ndiposa nilipopewa nafasi katika jarida la chama chetu, niliamua somo langu liwe juu ya mnyama huyu tunayeishi naye na kutembea naye, na ambaye tukiulizwa ni wa nani, hatuna jibu.

Ploti yetu ina vyumba kumi na vinne, mfereji mmoja na mbwa mmoja. Jina lake Bosko. Alikuja akiwa kilebu (hivyo ndivyo mtoto wa mbwa anavyoitwa), na hakuna aliyemnunua. Mwenye bucha humtupia mfupa. Mama wa chumba cha tatu humpa ukoko wa ugali. Keateka alimtandikia gunia karibu na tangi la maji. Kubweka kwake kuna aina tatu, nami nazijua zote nikiwa kitandani: kuna ya paka, kuna ya jirani yetu anayerudi usiku akiwa amelewa, na kuna ya mtu asiyejulikana. Hiyo ya tatu ikisikika, milango inafunguka. Ploti ya jirani wezi wamekata mabati mara mbili, yetu bado.

Mimi nasoma shule ya kutwa na shule yenyewe iko upande wa Kibera. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kukiwa bado giza, nafuata Naivasha Road mpaka Dagoretti Corner, navuka Ngong Road, halafu nakata kwa upande wa Jamhuri. Nauli ya matatu ni ya siku za mvua tu. Bosko hunisindikiza mpaka Dagoretti Corner. Hatembei kando yangu kama mbwa wa sinema. Hukimbia mbele, akasimama chini ya taa, akanitazama kama nimechelewa, kisha hurudi nyuma kunusa vitu vyake. Nikianza kuvuka barabara yeye hugeuka na kwenda zake. Vijana wanaokaa kwenye kona fulani (sitaitaja) hawajawahi kunisimamisha nikiwa naye. Siku ambayo hayupo mimi hutembea nikikimbia.

Usidhani usindikizaji huu ni jambo la jana. Wataalamu wanasema mbwa ametokana na mbwa mwitu wa kale, na ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000, kabla ya ng'ombe na kuku. Tulipokuwa wawindaji wa kuhamahama tayari alikuwa nasi njiani. Vitabu vya dini pia vinamtaja msafirini. Katika Biblia ya Wakatoliki kuna kitabu cha Tobiti, ambamo kijana Tobia anafunga safari ndefu na malaika Rafaeli, na mbwa wake anafuatana nao kwenda na kurudi. Rafiki yangu wa Makina, Kibera, ambaye ni Mwislamu, alinipeleka kwa nyanya yake nimuulize. Bibi huyo hataki mbwa aingie nyumbani kwake, na alinieleza sababu bila kukasirika: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini papo hapo akaniambia kuhusu Watu wa Pangoni katika Sura ya Al-Kahf, waliolala miaka mingi huku mbwa wao amenyosha miguu ya mbele pale mlangoni. Akaongeza hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kutomuingiza ndani si kumtesa, mjukuu wangu," aliniambia. Nilitoka pale nimejifunza kuliko nilivyotarajia.

Sasa tuje kwa Historia. Sote tumesoma juu ya David Livingstone, na Chuma na Susi waliobeba maiti yake mpaka pwani, wakafika Bagamoyo mwaka wa 1874. Jambo ambalo sikufundishwa ni kwamba katika safari hiyo yake ya mwisho alikuwa na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane. Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Chitane aliusimamia msafara wote: hukimbia mbele kumwona wa kwanza, kisha hurudi nyuma kumbwekea wa mwisho ajikaze. Niliposoma hayo nilicheka, maana huyo ni Bosko kabisa. Basi tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia, walivuka kwa miguu maji yenye upana wa kama maili moja. Livingstone alitangulia, akasahau kumwagiza mtu yeyote ambebe mbwa. Wengine kila mmoja alikuwa na shughuli ya kutoteleza. Chitane aliogelea katikati yao mpaka akazama, na hakuna aliyemwona.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Nadhani Chitane ufuko hakuuona. Lakini mimi kilichonisumbua si maji. Ni kwamba watu walikuwa wengi, kila mtu alimpenda, na hakuna aliyekuwa amekabidhiwa.

Na yeye mbwa, je, hungoja kukabidhiwa? Mwezi wa Mei 2005 hapa Nairobi, mbwa jike wa mtaani aliyekuwa akinyonyesha alimpata mtoto mchanga ametupwa katika msitu wa Ngong, si mbali na huku kwetu. Alimkokota akiwa ndani ya mfuko, akavuka barabara ya magari, akapenya ua wa seng'enge, akamlaza karibu na mtoto wake mwenyewe. Watoto wa pale walisikia kilio, watu wazima wakaitwa, na mtoto akapelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Chama cha KSPCA kilimhudumia mbwa huyo na akapewa jina Mkombozi. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima.

Ningependa kuishia hapo, kwa sifa. Lakini mwaka huu, muhula wa kwanza, Bosko alimuuma mdogo wangu.

Alikuwa amepotea siku mbili, akarudi na kidonda shingoni, yaani alikuwa amepigana na mbwa wengine. Mdogo wangu, ana miaka saba, akaenda kumpokonya mfupa. Aliumwa mkononi, damu ikatoka. Mama wa chumba cha tatu alileta mafuta ya taa apakwe. Mimi nilikuwa nimesoma katika Bayolojia, nikamvuta mtoto mpaka mferejini tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akilia. Hilo, mpenzi msomaji, ndilo jambo la kwanza. La pili ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyo kwenye mate. Huingia penye jeraha na kupanda polepole kwa njia ya neva mpaka kwenye ubongo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa mapema humwokoa, na jambo hili linajulikana tangu mwaka wa 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa kule Ufaransa.

Hospitalini muuguzi alimuuliza mama, "Mbwa ni wa nani? Amechanjwa?" Mama akanitazama. Mimi nikatazama chini. Mdogo wangu aliandikiwa sindano tano: siku hiyo, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mama hufulia watu nguo Lavington. Pesa ya kodi ilienda huko.

Tuliporudi kwenye ploti, nilishangaa. Yule mbwa wa kila mtu alikuwa hana mwenyewe. Mwenye bucha alisema yeye hutupa mifupa tu, hajamwita mbwa. Mama wa chumba cha tatu akasema ukoko ni ukoko. Wanaume wawili walikuwa wameshika mawe. Niliwaambia maneno ya muuguzi: mbwa aliyeuma afungwe, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima mpaka ziishe, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Akibadilika tabia, akadondosha mate, akashindwa kumeza au miguu ikalegea, apewe habari mtu wa mifugo. (Sindano za mtoto hazingoji siku hizo 10, tafadhali.) Keateka alinisikiliza, akatafuta mnyororo.

Siku ya nne Bosko alikataa ugali. Usiku ule sikulala. Nilikwenda shule peke yangu, nikakimbia njia yote. Siku ya tano jioni alikunywa maji, akala, akalamba sufuria. Siku ya kumi alikuwa akilia kwa kutaka kufunguliwa, basi.

Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, nao ulianza mwaka wa 2014. Njia yenyewe si kuua mbwa. Ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, maana wakifika hapo ugonjwa hukosa pa kupita. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, na sehemu nyingi chanjo hutolewa bure. Mbwa wa nyuma ya lile lango la MBWA KALI hupelekwa kwa gari. Mbwa wa ploti kumi na nne hukosa wa kumshika kamba, kama Chitane.

Afisa wa mifugo alikuja mtaani kwetu wiki mbili baadaye. Nilimpeleka Bosko kwa kamba ya kuanikia nguo, na watu wa ploti wakatufuata kutazama. Alidungwa, hata hakubweka. Yule afisa akatoa kadi na kalamu.

"Jina la mwenye mbwa?"

Kimya. Nikasema, "Andika langu." Akaniuliza nina miaka mingapi. Kumi na sita. Akatikisa kichwa, akataka mtu mzima. Keateka alikuwa akiangalia simu yake.

Mama alikuwa amesimama nyuma, mkono wa mdogo wangu ndani ya mkono wake. Tangu Bosko aje, hajawahi kumpa hata tone la maji.

"Andika mimi," akasema. "Huyu mbwa ni wetu."

Kadi tumeiweka pamoja na kadi zetu za kliniki, ndani ya Biblia. Chanjo nyingine ni mwakani.