Karatasi ya Ndani ya Kadre: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mteja anayesimama mbele ya kadre za foto pale sokoni Luberizi, mashariki mwa Kongo (DRC), hutazama kwanza karatasi iliyo nyuma ya kioo. Wewe uliyeitengeneza ndiwe uliyemwambia kitakachoingia humo. Basi usimdanganye.

Pima mwenyewe. Usinakili namba iliyoandikwa kwenye katoni. Toa kioo, kipime kwa rula, halafu pima na uwazi wa mbele, maana mbao humeza milimita kadhaa kila upande. Andika vipimo vyote viwili: saizi ya foto inayoingia na sehemu itakayoonekana. Nilimwona mama akilipia kadre iliyoandikwa 13 × 18. Foto ya marehemu mwanawe ikakataa kuingia, muuzaji akachukua mkasi. Kipande chenye kidevu kikaanguka chini ya meza. Foto ilikuwa hiyo moja tu.

Usiandike "Hongera" wala "Bonne fête" kwenye kila kadre. Kadre ile ile hununuliwa kwa harusi, kwa komunyo, na kwa matanga. Mwenye msiba asilazimike kusoma pongezi dukani.

Usiweke uso wa mtu bila idhini yake. Kuokota foto Facebook ni wizi: sheria ya Kongo ya 5 Aprili 1986 inamlinda mpiga picha, na Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Akikubali, mweleze wazi kwamba uso wake utauzwa sokoni, kisha mlipe.

Uso wa marehemu usiuguse kabisa. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Sange, hapa jirani, likaua watu zaidi ya 200. Wengi waliungua hata wasitambulike, wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Kwa aliyefiwa namna hiyo, foto ya ukutani inaweza kuwa mahali pekee anapouona uso wa mtu wake. Uso huo si pambo la biashara.

Tumia vya hapa: mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi, milima inayoonekana upande wa magharibi, maua ya kitenge. Familia ya kigeni inayocheka kwenye theluji haimwambii mnunuzi wa Luberizi lolote.

Usichape foto iliyopitia WhatsApp, kwa kawaida huwa imeshabanwa. Kwa foto ya sentimita 10 × 15, yenye nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 1181 kwa 1772. Ongeza milimita 3 za kukatia kila upande, na maandishi yakae mbali na ukingo.

Usigundishe karatasi kwenye kioo. Gundi huacha doa, na doa hilo litakaa usoni pa bibi harusi. Wino nao ukauke kabisa kabla ya kufunga, la sivyo joto la bondeni litaunatisha kiooni.

Andika kwa Kiswahili, na Kifaransa chini yake.

Kabla ya kuchapa mia, chapa moja. Iingize kwenye kadre, funga, ipeleke kwa muuzaji, simama naye juani mpaka mteja wa kwanza aisome. Akiuliza swali ambalo karatasi ilipaswa kulijibu, rudi ukaitengeneze upya.