SOMO LETU: JUA UKOO WA NYUKI WAKO



Mama mmoja wa kikundi cha kando ya Mto Tana alinisimamisha baada ya mkutano. "Mwalimu, mizinga minne imebaki mitupu. Nyuki wote wamehama. Ni nani ametuharibia?" Kumbe walikuwa wameshaanza kumshuku jirani. Nilimwambia jibu liko kwenye ukoo wa nyuki wenyewe. Basi leo tujifunze ukoo huo.

Hapa Garissa mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, yaani kuwahesabu mababu mmoja mmoja, ili ajue ndugu wa karibu ni nani na wa mbali ni nani. Wataalamu wa wadudu nao hufanya vivyo hivyo.

1. Babu wa nyuki ni nyigu
Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, nyigu fulani waliokuwa wakiwinda wadudu ili kulisha watoto wao waliacha nyama, wakaanza kuwalisha chavua, ule unga wa maua. Hao ndio wakawa nyuki. Siafu na sisimizi pia ni jamaa zao. Lakini mchwa si wa ukoo huu hata kidogo: ndugu yake ni mende!

2. Ukoo una milango mingi
Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, nao wamegawanywa katika milango saba. Wengi huishi peke yao, bila malkia na bila asali ya kurina. Yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba ni nyuki. Wale wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye mashimo ya miti, pia ni nyuki. Hao wote wawili ni wa mlango mmoja na nyuki wa mzinga. Msiwaue ovyo, kwa sababu wanabeba chavua toka ua hadi ua, mimea ipate kuzaa.

3. Nyuki wa mzinga
Mwaka 1758 mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, alimpa jina Apis mellifera, yaani nyuki mbeba asali. Nyuki wa Ulaya na wetu ni aina moja, ila mbari mbalimbali. Yule wa Ulaya amezoea baridi kali, kwa hiyo anaweka akiba nyingi na kukaa. Wetu amezoea ukame. Maua na maji yakiisha anahama, sawa na mfugaji anayefuata malisho. Huo si uchawi, wala si wivu wa jirani.

Tufanye nini?
- Kiangazi, weka karai la maji karibu na mizinga. Tia mawe ndani, nyuki wapate pa kukanyaga wasizame.
- Usirine asali yote. Waachie chakula chao.
- Usikate migunga ovyo kwa ajili ya makaa. Hata mathenge tunayoilalamikia, maua yake ni malisho ya nyuki.
- Weka mizinga kivulini.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Nyuki wetu huhama miezi gani? Wakati huo maji yako wapi?
2. Ni miti gani yenye maua tumeikata mwaka huu?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo ni tabia ya nyuki tu? Tutapatanaje naye?