Nani Alimzuia Mtoto Asiende Shuleni? Usawiri wa Elimu na Jamii katika Filamu Tatu Kuhusu Kenya

Filamu, sawa na riwaya, husemwa kuwa kioo cha jamii. Hata hivyo, kioo hutegemea aliyekishika. Makala haya yanauliza swali moja katika filamu tatu: ni nini kinachomzuia Mkenya kupata elimu ya shule?

Katika Saikati (1992), ya Anne Mungai, jibu ni mila. Saikati, msichana wa Kimaasai, anatamani kuwa daktari ilhali anatakiwa aolewe na mwana wa chifu. Anatorokea Nairobi, lakini jiji nalo halimpi hifadhi aliyoitarajia. Mgogoro ni baina ya shule na boma, na lawama zinamwangukia mzee.

The First Grader (2010), ya Mwingereza Justin Chadwick, inageuza mambo. Inatokana na maisha ya Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, aliyejiunga na darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003. Hapa mzee ndiye anayebisha hodi shuleni. Kilichomnyima elimu ni ukoloni na umaskini, si mila.

Between the Rains (2023), ya Andrew H. Brown na Moses Thuranira, inatuleta Isiolo, miongoni mwa Waturkana wa Ngare Mara. Filamu hii ya hali halisi inamfuata kijana Kole akikua wakati wa ukame. Kwa maoni yetu, inaonyesha kwamba ufugaji wenyewe ni elimu, yenye walimu na mitihani yake, na kwamba mvua ikikosekana elimu hiyo nayo huyumba.

Tofauti hii ina uzito. Tukishikilia jibu la kwanza pekee, tutamhubiria mfugaji thamani ya elimu ilhali pengine anaijua. Kinachomtatiza ni kwamba mifugo huhama na darasa halihami. Ndiyo sababu shule za kuhamahama zilianzishwa kaskazini mwa Kenya. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mhakiki wa Kiswahili, aliyezoea kuuliza nani anasimulia riwaya, hana budi kuuliza vivyo hivyo kuhusu filamu. Vinginevyo, mtoto wa kwanza kusoma katika ukoo wake ataondoka ukumbini akiamini kuwa hawezi kuelimika mpaka awaonee haya wazazi wake.