Dola ya fedha ya 1804: ipime kwanza kabla hujatoa riali zako

Mwezi uliopita dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alitutumia picha za sarafu kubwa ya fedha. Upande mmoja kuna mwanamke mwenye nywele ndefu, na chini ya kifua chake mwaka 1804. Upande wa pili kuna tai mwenye ngao. Jamaa wa nyumbani aliyekutana naye kwenye kikundi cha WhatsApp alimwambia kwamba mabaharia wa Kimarekani walikuwa wakilipia pembe kwa dola hizi enzi za Seyyid Said, na kwamba moja iliuzwa mnadani kwa mamilioni. Yeye angemwachia kwa riali 400 tu, maana ana shida ya haraka. Dada alikuwa na riali 550, pesa ya mabati ya nyumba ya mama yake. Alishatoa 80 kama advansi.

Si mara ya kwanza kuulizwa habari ya sarafu hii, kwa hiyo leo tunaieleza yote.

Ubaya wa hadithi ile ni kwamba nusu yake ni kweli. Dola ya 1804 ipo, na ina uhusiano na Muscat kwelikweli. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Baadaye serikali yake ikaagiza watawala wa Mashariki wapelekewe zawadi, na miongoni mwa zawadi hizo kulikuwa na seti za sarafu za Marekani, kila aina moja. Roberts alirudi mwaka 1835 kwa meli ya kivita Peacock. Meli ilikwama kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, akalazimika kwenda Muscat kwa mashua ndogo kuomba msaada. Hata hivyo zawadi zilifika.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wauzaji hawaisemi. Seti zilipotakiwa mwaka 1834, dola ya fedha ilikuwa haitengenezwi tena. Mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia wakaangalia vitabu vyao, wakaona dola za mwisho ziliandikwa kuwa zimetoka mwaka 1804, basi wakachonga mihuri yenye mwaka huo. Kumbe zile zilizotoka 1804 zilikuwa na mwaka 1803 au wa nyuma zaidi! Kwa hiyo hakuna hata dola moja yenye namba 1804 iliyokuwepo mwaka 1804. Zile za kwanza zilitengenezwa miaka thelathini baadaye, na nyingine chache zilitengenezwa na wafanyakazi wa kiwanda hichohicho kwa mlango wa nyuma, kuanzia mwaka 1858 hivi, wawauzie wakusanyaji.

Ndiyo maana mtu akikuambia babu yake aliipokea sokoni kwa kuuza pembe, hadithi yenyewe imeshajikana. Dola hizi hazikutolewa kwa ajili ya sokoni. Zinazojulikana dunia nzima hazifiki ishirini, na wataalamu wanazijua moja moja: ilipitia mikono ya nani, iliuzwa mnada gani, ina mkwaruzo wapi. Ile inayoaminika kuwa ya Seyyid Said ilionekana Uingereza, kwenye mkusanyiko wa mtu wa Liverpool, ikauzwa London mwaka 1917. Mwaka 1999 iliuzwa Marekani kwa dola milioni 4.14. Mwaka 2016 ilipandishwa tena mnadani ikarudi nyumbani bila kuuzwa, kwa sababu dau halikufika bei ya chini aliyoitaka mwenyewe. Mwaka 2021 ikauzwa kwa dola milioni 7.68. Angalia hapo: hata sarafu ya mamilioni hukosa mteja. Bei unayotajiwa na muuzaji si thamani, thamani ni kile mtu alichotoa mfukoni.

Turudi kwa dada yetu. Hatukutaka kumwambia tu "umepigwa", maana mtu aliyeshatoa pesa huwa hataki kusikia. Tulimwomba aazime sarafu ile kwa saa moja waende pamoja na muuzaji kwa sonara. Muuzaji alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali, nadhani hata yeye alitaka kujua.

Kwanza uzito. Sheria ya Marekani ya wakati ule iliweka dola kuwa gramu 26.96, fedha kiasi cha sehemu 89 kwa 100, iliyobaki shaba. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini si gramu tatu au nne. Ya dada ilisoma 23.1. Hapo tungeweza kuishia, ila tulitaka wote wawili waone kwa macho.

Kipimo cha maji ndicho tunachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji dawa wala kukwaruza. Weka glasi ndogo ya maji juu ya mizani ya sonara, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini ikining'inia, isiguse chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba. Chukua uzito wa sarafu, ugawanye kwa namba hiyo. Dola halisi ya zama zile itakupa 10.3 hivi, maana ikizamishwa mizani husoma karibu 2.6. Ya dada ilisoma 2.7, na 23.1 ukigawanya kwa 2.7 unapata karibu 8.6. Hiyo ni namba ya michanganyiko ya shaba, juu imepakwa fedha. Zenye chuma ndani hazifiki hata 8, na hizo sumaku ya mlango wa friji inazikamata. Lakini sumaku isipokamata usifurahi, shaba nayo haikamatwi.

Kuna bandia zilizotengenezwa kwa fedha kweli, na hizo zinapita kwenye maji. Kwao angalia ukingo. Dola halisi za miaka ile zina maandishi ubavuni: HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, na vipambo katikati ya maneno. Kwenye zile 1804 za zawadi maandishi hayo yamebonyea kidogo, kwa sababu yaliwekwa kwanza, halafu sarafu ikagongwa ndani ya pete ya chuma iliyoyakandamiza. Bandia nyingi zina ubavu wenye mistari kama sarafu za leo, au alama ya kiungo ikizunguka katikati, mahali vipande viwili vilipogundishwa. Halafu kuna ujanja wa zamani zaidi: dola halisi ya 1801 au 1803, namba ya mwisho ikachongwa iwe 4. Hapo unahitaji lenzi na mtu anayejua.

Na hiyo ya mwisho inauma, kwa sababu dola ya kawaida ya miaka 1798 hadi 1803, hata iliyochakaa, huanzia dola elfu moja hivi za leo. Mtu ameharibu pesa halali akitafuta za ndoto.

Kuhusu daraja: wataalamu hutumia alama kuanzia 1 hadi 70. Alama 1 ni sarafu iliyofutika ukabaki umbo tu, 70 haina dosari yoyote. Ile ya Seyyid Said ina 68. Kampuni kama PCGS na NGC huipa sarafu alama, huifungia ndani ya plastiki ngumu yenye namba, na namba hiyo unaiingiza kwenye tovuti yao uone picha kama ni ileile. Fanya hivyo kila mara, maana plastiki nazo zinaigwa. Tundu la kuvalia mkufu, kitanzi cha kuunganishia au kusuguliwa vinashusha bei sana. Tunajua kwetu fedha ikiingia weusi tunaikamatia limau na majivu. Kwa sarafu usithubutu, usiioshe hata kwa sabuni.

Ukiwa na sarafu ya bibi ndani ya sanduku, uwezekano mkubwa zaidi ni ile tunayoiita reale, yenye kichwa cha mama mnene na mwaka 1780. Hiyo ni ya Maria Theresa wa Austria. Ilitembea pwani yetu na Oman kwa miaka mingi, na imeendelea kugongwa na mwaka uleule hadi leo. Ina gramu 28 na kidogo, fedha safi ndani yake ni 23.4. Kwa kawaida thamani yake ni bei ya fedha ya siku hiyo na ziada ndogo. Soko la Mutrah zimejaa.

Ukiwa na dola ya zamani inayopita vipimo vyote, piga picha pande zote mbili na ubavu, iweke na uzito wake, utume kwa nyumba kubwa ya mnada. Kuangalia picha kwa kawaida hawatozi, wao hukata kamisheni sarafu ikishauzwa. Anayekuambia utangulize "ada ya forodha" ili mnunuzi wa Marekani atume pesa, mfunge palepale.

Dada hakurudishiwa zile riali 80. Jamaa anasema naye aliinunua kwa 150 kutoka kwa mtu wa Dubai, na tunamwamini kiasi. Riali 470 zilizobaki zilitumwa Alhamisi, na mabati ya vyumba viwili yameshanunuliwa. Cha jikoni kinasubiri mshahara wa mwezi ujao.